Mpira wa Kikapu wa Wanawake: Njia ya Msichana wa Karagwe na Kyerwa Hadi Michezo ya Kimataifa

Na Mwandishi Wetu

Wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, hawahitaji kusafiri mbali ili kuufikia mpaka wa nchi. Mto Kagera unazitenganisha wilaya hizo na Rwanda kwa upande wa magharibi, na kwa upande wa kaskazini eneo la Murongo wilayani Kyerwa linatazamana na Kikagati, nchini Uganda. Biashara ya mazao na mahusiano ya kindugu yameufanya mpaka huo kuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Hata hivyo, ipo safari nyingine ya kuvuka mpaka ambayo si kila mzazi anaifahamu. Ni safari ya mwanafunzi wa kike anayeondoka na sare za Taifa kwenda kushiriki mashindano ya mpira wa kikapu.

Makala hii inaeleza namna mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake yanavyoendeshwa katika michezo ya kimataifa, ngazi ambazo mwanafunzi hupitia kabla ya kuyafikia, na mambo ambayo wazazi, walimu na viongozi wa wilaya hizi mbili wanaweza kuyafanya ili mlango huo usibaki wazi kwa wengine huku ukiwa umefungwa kwa mabinti zao.

Wanawake walivyoingia katika michezo ya Olimpiki

Mpira wa kikapu kwa wanaume uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1936, jijini Berlin. Wanawake walisubiri miaka 40 zaidi, hadi Michezo ya Montreal ya mwaka 1976, ambako timu sita tu zilishiriki na Umoja wa Kisovieti ukatwaa medali ya dhahabu. Tanzania haikuwepo Montreal katika mchezo wowote, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kupinga uhusiano wa kimichezo kati ya New Zealand na utawala wa kibaguzi wa Afrika Kusini.

Bara la Afrika lilisubiri miaka 20 mingine kupata timu ya wanawake katika mashindano hayo. Timu hiyo ilitoka Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ilishiriki Michezo ya Atlanta mwaka 1996. Mmoja wa wachezaji wake, Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, baadaye alicheza katika ligi ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani na kutwaa ubingwa mara mbili, mwaka 2001 na 2002, akiwa na timu ya Los Angeles Sparks.

Hatua kubwa zaidi ilifikiwa mwaka 2024 katika Michezo ya Paris. Timu ya wanawake ya Nigeria, chini ya kocha mwanamke Rena Wakama, ilizifunga Australia na Canada na kuwa timu ya kwanza ya Afrika, ya wanawake au ya wanaume, kufika robo fainali ya mpira wa kikapu katika Olimpiki. Katika fainali, Marekani iliifunga Ufaransa kwa pointi 67 dhidi ya 66.

Karibu zaidi na Kagera, jiji la Kigali liliandaa mashindano ya Afrika ya mpira wa kikapu kwa wanawake mwaka 2023, na timu ya Rwanda ikamaliza katika nafasi ya nne. Kwa mkazi wa Karagwe, Kigali ni jirani kuliko Dar es Salaam. Mafanikio hayo yamepatikana ng'ambo tu ya mto, katika jamii zinazolima ndizi, kahawa na maharage kama ilivyo Karagwe na Kyerwa.

Ngazi za kupanda

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, njia ya kwanza na ya uhakika zaidi huanzia shuleni. Katika shule za msingi kuna mashindano ya UMITASHUMTA na katika shule za sekondari kuna UMISSETA. Mashindano haya husimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa kushirikiana na wizara zenye dhamana ya elimu na michezo.

Mpira wa kikapu ni miongoni mwa michezo inayoshindaniwa katika UMISSETA, kwa wavulana na wasichana. Mchujo huanzia ngazi ya shule, ukapanda hadi kata, wilaya na mkoa, kisha Taifa. Katika miaka ya karibuni mikoa ya Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa imekuwa wenyeji wa fainali za kitaifa.

Mpangilio huu una faida kwa mwanafunzi anayetoka shule ndogo. Katika ngazi ya Taifa, wanaoshindana ni timu za mikoa, si za shule. Msichana anayesoma katika kata ya Kaisho, Mabira au Nkwenda wilayani Kyerwa, au Nyaishozi na Ihembe wilayani Karagwe, anaweza kuchaguliwa katika timu ya wilaya, kisha timu ya Mkoa wa Kagera, hata kama shule yake haina wachezaji wa kutosha kuunda timu kamili. Kinachohitajika ni kuonekana siku ya mchujo, na ili aonekane ni lazima awe amewahi kuushika mpira wa kikapu kabla ya siku hiyo.

Juu ya ngazi ya Taifa kuna michezo ya Shirikisho la Michezo ya Shule za Sekondari Afrika Mashariki, maarufu kwa kifupi FEASSSA. Haya ni mashindano ya kimataifa yanayojumuisha michezo mingi kwa wakati mmoja, kuanzia mpira wa miguu, netiboli, wavu na mikono hadi riadha na kikapu. Mwaka 2022 yalifanyika Arusha, mwaka 2023 Huye nchini Rwanda, mwaka 2024 Mbale nchini Uganda, na mwaka 2025 Kakamega nchini Kenya. Huko wasichana wa Tanzania hukutana na shule zilizojijengea jina katika mchezo huu, kama vile Butere Girls ya Kakamega na Kaya Tiwi ya Kwale.

Anayevuka hapo hufunguliwa milango mingine: timu za Taifa za vijana, klabu za wanawake kama JKT Stars na Vijana Queens za Dar es Salaam, na michezo mikubwa ya Afrika, Jumuiya ya Madola na Olimpiki. Mwezi Oktoba na Novemba 2026, Dakar nchini Senegal imepangwa kuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Vijana, ikiwa ni mara ya kwanza kwa michezo ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika. Idadi ya washiriki wa kike na wa kiume katika michezo hiyo imepangwa kuwa sawa.

Kikapu cha watatu kwa watatu

Mpira wa kikapu uliozoeleka huchezwa na wachezaji watano kila upande, katika uwanja wenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, kwa vipindi vinne vya dakika 10. Timu huwa na wachezaji hadi 12. Kwa shule nyingi za vijijini, masharti hayo ni mazito.

Lakini ipo aina ya pili, inayojulikana kama 3x3, ambayo huchezwa na wachezaji watatu kila upande na mmoja wa akiba. Hutumia kikapu kimoja na eneo la upana wa mita 15 kwa urefu wa mita 11, yaani takriban nusu ya uwanja wa kawaida. Mchezo huchukua dakika 10, na timu inayotangulia kufikisha pointi 21 hushinda kabla hata muda haujaisha. Mpira unaotumbukia kikapuni kutoka ndani ya tao hupewa pointi moja, na kutoka nje ya tao pointi mbili. Timu yenye mpira ina sekunde 12 tu za kushambulia. Muda ukiisha timu zikiwa sawa, timu ya kwanza kupata pointi mbili katika muda wa nyongeza ndiyo mshindi.

Wakati wa mchezo, kocha haruhusiwi kuelekeza timu yake. Wachezaji wenyewe huamua nani apumzike, nani akabe na lini waharakishe mchezo. Kwa wasichana wanne wa umri wa shule, hili ni zoezi la uongozi lisilo na mfano, kwa kuwa hakuna mtu mzima wa kuwaamulia mambo.

Aina hii ilijaribiwa katika Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Vijana, Singapore, mwaka 2010. Iliingia katika Olimpiki kamili kupitia Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na katika Jumuiya ya Madola jijini Birmingham mwaka 2022, ambako Kenya ilipeleka timu ya wanawake. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, idadi ya timu za wanawake za 3x3 itaongezeka kutoka 8 hadi 12.

Ongezeko hilo lina maana kwa nchi kama Tanzania. Katika Michezo ya Birmingham, medali tatu za Tanzania zilitokana na michezo ya mtu mmoja mmoja: Alphonce Simbu katika mbio za marathoni, na mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe. Kuandaa na kusafirisha timu kubwa ni gharama. Timu ya watu wanne iko katikati ya mizani hiyo: ni mchezo wa timu, lakini gharama zake zinakaribia zile za mchezo wa mtu mmoja mmoja.

Funzo kutoka Mongolia

Mfano unaofaa kuangaliwa ni Mongolia, nchi ya wafugaji iliyoko kati ya Urusi na China, yenye watu zaidi kidogo ya milioni 3. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Kagera pekee una takriban watu milioni 3. Nchi hiyo haikuwahi kupeleka timu katika mchezo wowote wa timu kwenye Olimpiki hadi Michezo ya Tokyo, ilipofuzu kwa timu ya wanawake ya kikapu cha 3x3. Nahodha wake, Khulan Onolbaatar, alikuwa miongoni mwa waliobeba bendera ya Taifa hilo katika sherehe za ufunguzi.

Mongolia ilifuzu kupitia orodha ya viwango vya dunia. Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) linao mfumo wa mtandaoni ambamo mchezaji wa 3x3 hujisajili na waandaaji wa mashindano huingiza matokeo. Kila mchezaji hukusanya pointi kulingana na uzito wa mashindano aliyoshiriki, na pointi za nchi hutokana na jumla ya pointi za wachezaji wake bora. Kwa utaratibu huo, hata mashindano madogo yakiandaliwa kwa kufuata kanuni na kusajiliwa, huchangia kuipandisha nchi. Yasiposajiliwa, hubaki kuwa burudani ya siku moja.

Hii ndiyo sababu ya kuzingatia kumbukumbu. Mashindano ya wasichana yatakayochezwa Kayanga au Isingiro na kuandikwa katika mfumo huo kwa uratibu wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) yatahesabika kwa Taifa sawasawa na yale ya daraja lake yanayochezwa katika jiji lolote duniani.

Kiwanja kinachowezekana

Wasichana wengi wa Tanzania wamelelewa na netiboli, mchezo uliozaliwa kutokana na mpira wa kikapu mwishoni mwa karne ya 19. Undugu huo una faida ya moja kwa moja. Ringi ya netiboli na ile ya kikapu zote huwekwa katika kimo kimoja cha mita 3.05 kutoka ardhini. Ringi ya netiboli ni nyembamba zaidi, yenye kipenyo cha sentimita 38 dhidi ya takriban 45 za kikapu, na haina ubao wa kuurudishia mpira. Kwa hiyo, mfungaji hodari wa netiboli tayari ana shabaha inayohitajika. Anachopaswa kuongeza ni kudunda mpira, kukimbia nao na kukaba kwa mwili bila kufanya madhambi.

Shule inayotaka kuanza haina ulazima wa kusubiri uwanja kamili. Eneo la mita 15 kwa 11 lililosawazishwa na kushindiliwa, nguzo moja imara, ubao wa urefu wa mita 1.80 kwa 1.05 na ringi iliyotengenezwa na fundi wa kuchomea vyuma vinatosha kuanzia. Sakafu ya zege ni bora zaidi, kwa kuwa mpira haudundi vizuri kwenye udongo, na mvua za Kagera hugeuza kiwanja cha udongo kuwa tope kwa majuma kadhaa. Nguzo isimame nje ya mstari wa mwisho na ifungwe kitu laini ili mchezaji asiumie anapoigonga. Mpira wa wanawake ni wa saizi 6, mdogo na mwepesi kuliko wa wanaume, na shule inaponunua mipira izingatie tofauti hiyo. Msichana anayejifunzia mpira mkubwa huzoea mrusho usio wake.

Yanayomzuia msichana

Zege na nguzo peke yake havitamfikisha msichana uwanjani. Mazoezi hufanyika jioni, muda ambao binti anatarajiwa kuchota maji, kutafuta kuni na kuwaangalia wadogo zake. Mvulana wa nyumba hiyohiyo mara nyingi huachiwa muda huo acheze mpira. Mzazi anayempunguzia binti yake kazi kwa siku mbili za juma huwa amemchangia kuliko hata anayemnunulia viatu.

Jambo la pili ni mavazi. Baadhi ya wazazi huwazuia mabinti kwa kuhofia kuwa mchezo utawalazimu kuvua hijabu au kuvaa nguo fupi. Hofu hiyo haina msingi tena. Tangu Oktoba 1, 2017, FIBA inaruhusu wachezaji kuvaa hijabu iliyoshonwa kwa kuzingatia usalama, na mavazi ya kusitiri mikono na miguu yanaruhusiwa kwa masharti ya rangi na mshono.

Jambo la tatu, na zito kuliko yote, ni kuendelea na masomo. Ngazi zote zilizoelezwa hapo juu, kutoka kata hadi FEASSSA, ni za wanafunzi. Binti anayeacha shule hupoteza masomo na mashindano kwa siku moja. Serikali imeondoa ada kuanzia elimu ya msingi hadi kidato cha sita, na tangu Novemba 2021 wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi. Jukumu lililobaki kwa familia na jamii ni kuhakikisha binti anarejea kweli, na anapokelewa darasani na uwanjani bila kunyanyapaliwa.

Hatua za kuchukua

Mzazi au mlezi anayeona kipaji kwa binti yake aanze na mwalimu wa michezo wa shule, ambaye ndiye huandaa orodha ya wachezaji kwa ajili ya mchujo wa kata na wilaya. Ni vyema kuhakikisha mapema kuwa cheti cha kuzaliwa kipo na majina yanalingana na ya shuleni, kwa kuwa mashindano ya vijana huzingatia umri na safari za nje ya nchi huhitaji nyaraka.

Kamati na bodi za shule zinaweza kujadili eneo la kiwanja katika vikao vyao vya kawaida na kushirikisha wananchi kwa nguvu kazi, mawe na mchanga, kama wanavyofanya katika ujenzi wa madarasa. Walimu wanaotaka kuongeza ujuzi wanacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza, kinachotoa mafunzo ya ualimu na uongozi wa michezo.

Wasichana waliomaliza shule nao wasijione wamechelewa. Wanaweza kuunda klabu na kuisajili kupitia Ofisi ya Utamaduni na Michezo ya halmashauri, kwa kufuata taratibu za Baraza la Michezo la Taifa (BMT), chombo kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Klabu iliyosajiliwa inatambulika na inaweza kuomba ufadhili na kualikwa katika mashindano. Wilaya ya Kyerwa ilizaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa kutoka Karagwe, na undugu wa wilaya hizi mbili ni mtaji mzuri wa kuanzisha mashindano ya mara kwa mara baina yao, kabla ya kufikiria safari ndefu kwenda Bukoba.

Tanzania bado haijafuzu kushiriki mpira wa kikapu katika Olimpiki, kwa wanaume wala kwa wanawake. Siku itakapofuzu, wachezaji wake watakuwa ni watu waliofundishwa kuudunda mpira miaka mingi nyuma, katika shule fulani, na mwalimu fulani. Hakuna sababu ya shule hiyo kutokuwa ya Karagwe au Kyerwa. Kinachotakiwa kwanza ni ringi moja iliyosimama katika kimo cha mita 3.05, na binti aliyeruhusiwa kubaki shuleni hadi jioni ili kuilenga.